Rambirambi zimeenda msiba wa watu

Kisamvu simjui sura. Hilo naliweka wazi mapema ili mtu asije akanikatisha huko mbele. Najua presha yake hupanda saa ngapi, najua mtoto wake wa pili alivyofeli hesabu akaficha matokeo kwenye gunia la mkaa, najua mumewe alimwacha kwa sababu gani na ile sababu ya kweli naijua pia, lakini ukinipangia wanawake watatu ukaniambia haya mtoe Kisamvu hapo, nitabaki nakodoa tu.

Na si yeye peke yake, kundi zima tuko hivo. Tulianza zamani enzi za simu za vitufe, unanunua vocha ya mia tano inaisha picha haijafunguka hata kichwa, tunabishana mpira na mapishi na watu tusiowajua, wengine wakachoka wakapotea, tuliobaki tukahamia WhatsApp na hapo ndo tukawa ndugu. Kuna Nahodha yuko Muscat. Sindano ni nesi Songea. Mama Wawili yuko Mwanza, sasa hivi ana watano ila jina limeshaganda. Kuna Tajiri Mtoto, huyo kila mchango anatoa elfu mbili, harusi elfu mbili, msiba elfu mbili, hata tulipomchangia yeye alipoungua nyumba alijichangia elfu mbili. Mie ni Pweza, msiniulize kwa nini.

Tumepitia mengi jamani. Mama Wawili alipokuwa na uchungu wa mtoto wa nne tulikesha naye, Sindano anamhesabia dakika kwa meseji kutoka Songea, mume kalala pembeni anakoroma, tunaohema ni sisi. Nahodha alipoachishwa kazi tulijua kabla ya mkewe. Mtu akinunua friji la mtumba analipiga picha mlango wazi, ndani kuna nyanya mbili na chupa ya maji, tunampa hongera mpaka analia. Sharti letu ni moja tu, hakuna kukutana na hakuna majina ya serikali. Liliwekwa baada ya wawili wetu kukutana Morogoro, wakapendana, wakaoana, wakaachana, na kundi likagawanyika kama mashabiki wa Coastal na African Sports, timu za mpira za hapa Tanga, ilichukua muda mrefu watu kuanza kusalimiana tena.

Kwa hiyo Kisamvu yuko Tanga na mie niko Tanga na hatujawahi kuonana. Yeye Ngamiani, mie Chumbageni, mie wala si mzaliwa wa hapa nimeletwa na kazi. Kisamvu ana kibanda chake cha biashara, biashara gani hajawahi kusema na sisi hatukuuliza, ila kilio chake kikubwa ni mteja mmoja aliyempa jina la Bwana Kesho. Huyo mtu anakula, anajifuta mdomo, anajipapasa mifuko, anasema ah dada leo sina chenji, kesho. Kila akitajwa kundi linawaka. Na mkali kuliko wote alikuwa nani? Mie. Niliandika kwa herufi kubwa MTANGAZE, nikasema watu wa namna hiyo ndo wanaowarudisha nyuma kina mama, nikashauri ampige picha aibandike pale kibandani. Nahodha yeye alisema amwekee pilipili mara tatu. Kisamvu akafanya, akarudi kutuambia yule mtu katokwa na machozi halafu kaomba aongezewe.

Basi mama yake Kisamvu akafariki, bibi wa watu wa Muheza mwenye shamba la machungwa, alikuwa analetwa mjini kutibiwa. Tulikuwa tunamjua mpaka kikohozi chake. Kundi likasema safari hii sharti liwekwe pembeni, Pweza uko hapohapo mjini, nenda ukatuwakilishe, hela tutakutumia wewe, rambirambi hairushwi kwenye simu kama mtu ananunua umeme, inapelekwa kwa mkono. Wakaanza kutuma. Na simu ikituma hela si inaonyesha jina la mtu? Ndo nikajua Nahodha ana jina la malaika, na Tajiri Mtoto jina lake kamili ni refu kuliko mchango wake. Nikanyamaza na siri za watu. Zikafika laki mbili na elfu themanini na tano, nikazitoa nikazitia kwenye bahasha ya kaki.

Sasa hapa naomba mnisikilize vizuri, maana wapo wanaosema kosa ni langu. Ngamiani mitaa inaitwa kwa namba, barabara ya kwanza, ya pili, ya tatu, unakwenda hivo mpaka unazidi ishirini, na kwa mgeni zote ni zilezile. Kisamvu kanitumia ujumbe wa sauti analia, anasema njoo barabara ya kumi na, hapo kwikwi, halafu anasema utaona turubai la buluu. Utamwambia mfiwa hebu rudia? Ulie upya kwa ufasaha? Nikamwambia kijana wa bodaboda nipeleke Ngamiani kwenye msiba, barabara ya kumi na kitu, turubai la buluu. Akasema bosi naujua, panda. Na turubai lilikuwepo, la buluu kabisa. Mnaokaa huku mtaniambia ni turubai gani Tanga hii si la buluu.

Ilikuwa siku ya pili ya msiba, mazishi yalishapita jana yake. Nikavua viatu, nikatoa salamu, nikakaa kwenye jamvi chini ya mwarobaini na wazee. Kahawa ikaja, nikapiga picha masufuria na birika nikatuma kundini, nikaandika nimefika, ni watu wengi, mama kapendwa. Watu wakatuma emoji za machozi.

Mzee niliyekaa naye nikampa shikamoo, akaitika, akaniuliza, "Wewe wa shambani?"

Mie nikawaza shamba la machungwa Muheza. "Ndiyo mzee, nimekuja kuwakilisha."

"Mmefanya vyema. Marehemu kawafanyia kazi kubwa. Miaka thelathini kwenye korona."

Nikashtuka, korona miaka thelathini? "Pole sana mzee. Tulijua ni kikohozi tu."

Akaniangalia. "Kikohozi? Ilimla vidole viwili."

Nikasema innalillahi, na nilimaanisha, maana ule ugonjwa tuliambiwa mengi lakini la kula vidole hapana. Baadaye sana ndo nimekuja kuelezwa kuwa korona huko kwenye mashamba ya mkonge ni ile mashine ya kuchakata majani. Sasa mie ningejulia wapi? Mzee akaendelea, akasema marehemu alikuwa hodari wa kusimulia habari za mkonge, jinsi yule Mjerumani Hindorf alivyouleta mwaka 1893, miche elfu moja ikatoka Florida, ikapelekwa Hamburg, mpaka inafika huku iliyo hai ni 62 tu, na mkonge wote unaouona kutoka hapa mpaka Korogwe ulianzia hapo. Nikasema moyoni, kumbe mama yake Kisamvu alikuwa msomi, na Kisamvu hata siku moja hajatuambia.

Akapita kijana wa daftari. Nikampa bahasha. Akauliza niandike nani, hapo nikakwama, majina ya serikali ni mwiko, nikamtajia tunavyojuana. Nilidhani yanabaki kwenye daftari. Kumbe msiba ule una kipaza sauti.

"Tumepokea kutoka kwa... Pweza," akasita, akalisogeza daftari karibu na macho, "Nahodha, Sindano, Mama Wawili, na Tajiri Mtoto. Jumla laki mbili na themanini na tano elfu."

Jamvi zima likageuka. Mzee wangu akatingisha kichwa, akasema watu wa mkonge kweli wana majina. Nikainamisha uso kama mtu mwenye huzuni.

Ndipo akasimama msemaji wa familia kutoa shukrani. Akasema marehemu alikuwa mpole, alikuwa mcheshi, alikuwa mlezi, mie natikisa kichwa, hayo yote nilishayasikia kwa Kisamvu. Akasema marehemu ameacha watoto kumi na mmoja, hapo nikapunguza kutikisa. Akasema, "na wake wawili."

Nikamuuliza mzee kwa sauti ya chini, "Marehemu ana wake wawili?"

"Walikuwa watatu, mmoja alimwacha."

Simu ikatetemeka mfukoni, Kisamvu. "Pweza uko wapi, nimetoka nje sikuoni." Nikajibu niko chini ya mwarobaini. Akaandika: "Hapa hakuna mwarobaini, hapa kuna mwembe."

Jamani. Mnajua ugumu wa kudai hela msibani? Hakuna lugha yake. Ukisema mmekula hela yangu umewaita wafiwa wezi, ukinyamaza umekula hela ya kundi. Nikamsogelea mzee sikioni nikamweleza yote, Kisamvu, kwikwi, bodaboda, mwembe. Mzee hakusema kitu. Akaziba uso kwa kofia yake na mabega yakaanza kutikisika, waliokaa karibu wakamshika wakimwambia jikaze mzee, ndo njia yetu sote, naye anazidi kutikisika. Alipopata pumzi akaomba kipaza sauti. Nikamshika kanzu, hakusikia.

"Jamani, samahanini. Kuna kijana hapa kapotea msiba."

Kimya. Halafu kwa ndani, upande wa wanawake, kikaanza kicheko kimoja chembamba, na wanasema alikuwa bi mkubwa mwenyewe, mfiwa. Baada ya hapo hapakuwa na wa kumzuia mwenzake.

Aliyekaza ni kijana wa daftari. Kilichoandikwa kimeandikwa, na tena kilishatangazwa, na zaidi ya yote elfu arobaini na tano ilishatoka kwenye bahasha kununua mchele wa chakula cha jioni. Kikakaa kikao. Ikaamuliwa nirudishiwe hela iliyopo, na ile ya mchele nirudishiwe kwa mchele wenyewe, kilo kumi na tano. Mzee akasema elfu mbili ya yule Tajiri ibaki, wafiwa wameipenda. Nikatoka na laki mbili na elfu thelathini na nane, na mfuko wa mchele begani, na wazee wanne wakanifuata nyuma, wanasema msiba ni msiba, hata huko kuna watu. Njia nzima wanabishana kuhusu Coastal ya 1988 ilipochukua ubingwa, nani alikuwepo uwanjani Mkwakwani kweli na nani alisikiliza redioni anajidai alikuwepo.

Kwenye mwembe tukafika. Turubai la buluu. Nikamuuliza mtoto aliyesimama mlangoni, "Namtafuta Kisamvu."

Akanijibu kwa adabu, "Kisamvu leo hakijapikwa, kuna ubwabwa."

Ikabidi nipige simu. Ikaita ndani, nikaisikia kabisa, na mlangoni akatoka mwanamke kajifunga kanga, macho yamevimba, simu mkononi. Nikamjua palepale. Nani asiyemjua? Dada wa mihogo ya kukaanga, njia ya kwenda Mkwakwani, ninapopita kila siku nikitoka kazini. Naye akanijua. Akaniangalia mie, akauangalia mchele begani, akasema kwa upole wa mtu aliyefiwa:

"Kaka, jamani, deni la mihogo si lazima uniletee msibani. Tena mchele wote huo."

Sikuwa na jibu. Simu yangu ilikuwa bado inaita, na yake bado inalia. Akaiangalia yake, akaiangalia yangu.

"Pweza?"

Ile pilipili, wallahi, nilidhani ni ukarimu.

Alicheka mpaka akakaa chini kizingitini, wanawake wakatoka mbio wakidhani kazimia, wengine wakaja na maji. Akalia tena kidogo, akacheka tena, akasema mama angekuwepo. Halafu akanyoosha simu akanipiga picha, nikiwa na mchele begani na wazee wanne nyuma yangu, akatuma kundini: "Jamani, Bwana Kesho huyu hapa."

Muscat ilinyamaza. Songea ikanyamaza. Nahodha akautafuta ule ujumbe wangu wa MTANGAZE akaurudisha hapo chini ya picha bila kuongeza neno. Tajiri Mtoto akasema deni la Pweza yuko tayari kulichangia, na kiasi mnakijua.

Wazee walikuwa wameshakaa kwenye jamvi na wanaulizwa upande gani. Sinia likaja, Kisamvu akalisimamia mwenyewe, akaniambia, "Kula kaka, ya leo haiandikwi."

Nikamuuliza kama pilipili ipo.