Nipigie Window, Ila Usiguse Kitu

Kompyuta za Mwanza hii zina ugonjwa mmoja tu: zinatakiwa zipigwe window, yaani ziwekewe Windows upya. Imekuwa nzito? Piga window. Inachemka? Piga window. Hata ukipeleka iliyomwagikiwa chai, fundi ataipangusa kwa kitambaa huku akikwambia, "Mzee, hii tuipige window tu."

Yangu wameipatia na sababu nzito: Windows 10 iliacha kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo ati nahatarisha maisha. Haya, pigeni.

Shida ni kwamba laptop hii kwa risiti ni yangu, kwa matumizi ni ya ukoo. Humo kuna hesabu za kikoba cha mama watoto, magemu ya mtoto, CV ya jirani yangu wa Nyakato, na video ya sendoff ya shemeji wa Sengerema. Kila mmoja kanipa sharti lile lile: isipotee hata moja.

Fundi akauliza vitu viko C, sehemu ya diski inayokaa Windows, au D, sehemu ya pembeni. Nikampigia mama watoto.

"Baba Neema, si viko hapo mbele? Ukiwasha tu unaviona."

Fundi akaichukua simu. "Mama, hapo mbele ndiyo C yenyewe. Desktop, Documents, Downloads, zote ziko C. Nikifomati, kikoba kimekwenda."

Kimya. Kisha nikasikia, "Mwambie huyo kijana asiguse!"

Akaja na njia ya pili: Reset, unachagua ibakize mafaili. Picha na hesabu zinabaki, programu zinaondoka. Magemu je? Yanaondoka. Mtoto alilia mpaka majirani wakaja kutoa pole.

Ya tatu, kupiga window bila kufomati. Vya zamani vinarundikwa kwenye folda inaitwa Windows.old, ila baada ya siku 10 hivi mashine inaifagia yenyewe. Siku 10! Ukoo wangu kukubaliana nani anunue sukari ni mwezi.

Basi tukopi kila kitu kwenye flashi, yaishe. Flashi ina nafasi ya GB 32, tupu karibu yote, na bado video ya sendoff ikagoma. Kumbe flashi ikiwa imefomatiwa kwa mtindo wa zamani unaoitwa FAT32 haipokei faili moja linalozidi GB 4. Chumba kipo, mgeni mnene, mlango mwembamba. Dawa ni kuifomati flashi iwe exFAT, mtindo usio na mlango mwembamba. Lakini hiyo flashi ni ya kwaya, ina nyimbo! Kwa hiyo ili kuokoa vitu vya laptop, kwanza uokoe vya flashi, na vya flashi uviweke wapi? Kwenye laptop.

Na kabla ya yote mashine ikadai ufunguo wa BitLocker, lile kufuli la Windows linalofunga diski. Tarakimu 48! Mimi namba ya NIDA yenye tarakimu 20 bado naisoma kwenye karatasi. Ufunguo ukapatikana kwenye akaunti ya Microsoft aliyoifungua mpwa wangu wa Geita, na nywila yake ni jina la mpenzi aliyeachana naye. Alinitajia huku anasonya.

Usiku nikaanza kukopi. Umeme ulikuwepo, nashukuru. Ila wale wadudu wa ziwani nao wakaona kioo kinawaka. Wametapakaa pale pale kwenye namba; nikipuliza naona 6, hao wengine wametua, sijui ni asilimia 6 au 60. Ukipangusa kwa kidole unabaki na michirizi ya kijani kwenye hesabu za kikoba.

Sasa shemeji kasikia laptop inatengenezwa. Anakuja na picha zake nyingine, tuziweke humo humo kwa usalama. Zamani foleni ya kivuko pale Busisi ingenisaidia kidogo. Siku hizi kuna daraja la kilomita 3, anavuka kama anakwenda dukani. Nimemwuliza picha zina ukubwa gani.

"Kwa kweli si picha, shemeji. Ni video."