Sumaku Ilivyonikataa Hadharani

Kwa kuwa shemeji yangu ameshaisambaza ile video kwenye makundi yote ya ukoo, na kwa kuwa maelezo aliyoyaambatanisha nayo yana upungufu mkubwa wa ukweli, nimeona niandike mwenyewe, tena mapema, wakati masikio bado yananiwasha. Kitu mnachokiona kichwani mwangu si chombo cha tambiko, wala si kofia ya zimamoto kama walivyodhani baadhi yenu. Ni kofia ya Magneto, yule adui wa mashujaa wa X-Men anayeamrisha vyuma kwa nguvu za sumaku. Ni kweli kwamba ilianza maisha ikiwa sufuria ya dada yangu, lakini naomba asili yake isiletwe kwenye mjadala.

Mnaonifuata mnaujua msimamo wangu: stelingi ni mtu wa kawaida tu mpaka apate adui wa kumtoa jasho, na katika maadui wote waliowahi kuchorwa Marekani hakuna anayemfikia Magneto. Shemeji yeye ni mtu wa Thanos, adui wa mashujaa wa Avengers. Tunabishana tangu ilipotoka filamu ya Avengers: Infinity War mwaka 2018, na kila mara namweleza kwamba Thanos anayemsifia ni yule aliyesafishwa kwa ajili ya sinema. Katika hadithi ya katuni ya The Infinity Gauntlet ya mwaka 1991, iliyoandikwa na Jim Starlin, yaani mtu yuleyule aliyembuni, Thanos anaangamiza nusu ya viumbe wote kwa sababu amempenda Mauti, ambaye humo amechorwa kama mwanamke, na ambaye hata baada ya zawadi hiyo hamjali. Wenye filamu wakaiondoa aibu hiyo yote, wakampa hoja ya rasilimali kutotosheleza idadi ya watu, akageuka mtaalamu wa mipango wa aina tunayoifahamu vizuri sana hapa Dodoma.

Magneto alikwenda njia tofauti. Alipotokea mara ya kwanza mwaka 1963, mikononi mwa waliombuni, Stan Lee na Jack Kirby, alikuwa mpiga kelele tu anayetaka kuitawala dunia. Ni mwandishi wa baadaye, Chris Claremont, aliyempa jeraha, pale mwaka 1981 alipoonyesha kwamba mtu huyu aliupitisha utoto wake Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi. Filamu ya X-Men ya mwaka 2000 ikawa na busara ya kuanzia hapohapo: mtoto anatenganishwa na wazazi wake kwenye matope ya kambi, na lango la chuma linaanza kupinda. Niambieni ni wapi Thanos amewahi kupata mwanzo wa namna hiyo.

Basi Jumamosi mpwa wangu alikuwa na sherehe ya kuzaliwa kule Nkuhungu, na watoto walitakiwa kuja na mavazi ya mashujaa. Nilijua watajaa Spider-Man watupu, kwa sababu ndizo barakoa zilizopo sokoni Majengo, nikaamua kuwapelekea adui wa kiwango. Sufuria niliikata upande wa uso kwa mkasi wa bati, nikaipulizia rangi nyekundu, na ili makali yasinichane mashavu nikayakunja yote kwa ndani. Mafundi mnaosoma hapa, naomba mnyamaze kwanza.

Iliingia vizuri. Nilihutubia watoto, nikatangaza vita dhidi ya binadamu, nikapigiwa makofi. Wakati wa keki ulipofika nikajaribu kuivua, na hapo ndipo yale makunjo yakashika chini ya masikio, kwa sababu nilikuwa nimejitengenezea mgono kama wa wavuvi wa Mtera, ambao samaki anaingia kwa raha zake na kutoka hawezi. Dada akaleta mafuta ya alizeti. Mafuta yakakutana na rangi ambayo haikuwa imekauka sawasawa, vyote viwili vikaanza kunitiririka shingoni, na upepo wa Dodoma ukamalizia kwa vumbi. Mpwa wangu akasema kwa upole, "Mama, mjomba anayeyuka."

Shemeji alinipakia kwenye bajaji hadi kwa mzee mmoja anayenunua vyuma chakavu, na njia nzima alikuwa ananiuliza kama Thanos angewahi kukwama ndani ya chombo cha kupikia wali. Nami nilimjibu kila hoja, ingawa sauti yangu ilikuwa inanirudia mwenyewe.

"Shikamoo, mzee," nilisema kutokea ndani.

"Marahaba. Inauzwa pamoja na kichwa?"

Watu walikuwa wameanza kukusanyika. Mzee, bila kusubiri jibu, akachukua sumaku nzito iliyotolewa kwenye spika mbovu, ambayo huitumia kutenganisha chuma na vitu vingine kabla ya kupima kwenye mizani. Niliiona inakuja kupitia kile kidirisha changu cha uso. Akaigusisha kwenye paji: ikateleza. Akaigusisha upande wa sikio, akaiachia kidogo ili aone: ikateleza tena. Akaiweka juu kabisa ya utosi, akaondoa mkono, na mimi nikatikisika kidogo, naapa ni kidogo tu, sumaku ikaporomoka mpaka chini, ikatulia mavumbini mbele ya viatu vyangu.

"Hii si chuma," akatangaza. "Ni alumini."

Kimya. Kisha nikaisikia sauti ya shemeji nyuma ya simu yake, ikitetemeka kwa furaha: "Mtawala wa sumaku, mbona sumaku inakukataa?"

Hapa mtu mwenye akili zake angenyamaza. Mimi niliinua mkono na kueleza kwa sauti kubwa kwamba uwezo wa Magneto haujawahi kuwa wa vipande vya chuma peke yake, na kwamba katika filamu ya X2 ya mwaka 2003 aliponyoka kutoka gereza la plastiki kwa kuchomoa madini ya chuma kutoka kwenye damu ya askari aliyekuwa anamlinda.

"Damu ya nani?" akauliza mzee.

Mkumbuke kwamba wakati huo nilikuwa natiririka rangi nyekundu mpaka kifuani. Mama mmoja aliyebeba sinia la karanga alivuka barabara bila kuangalia magari. Dereva wa bajaji aliondoka bila hata kudai nauli.

Mzee aliikata sufuria kwa mkasi wake, akavipima vipande na kuvinunua, kwa sababu kumbe alumini ina bei kuliko chuma. Keki niliikuta imeisha. Dada amedai sufuria mpya na ameshapewa. Shemeji nimemwandikia ujumbe mrefu kuhusu Thanos na Mauti, ambao hajaujibu kwa hoja hata moja. Ananitumia stika tu, na stika yenyewe ni mimi.