Maji yakitoka meupe ndo yamekuwa safi? Nano na rangi za viwanda vya nguo

Kuna watu wanaamini chembe za nano, yaani chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, zitamaliza kabisa tatizo la rangi za viwanda vya nguo kwenye mito, mi nawakubalia nusu tu.

Angalia Tiruppur, mji wa fulana kule Tamil Nadu, India. Viwanda vya kutia rangi vilimwaga maji machafu mto Noyyal miaka na miaka, bwawa la Orathupalayam lililojengwa kwa ajili ya kilimo likajaa hayo maji, wakulima wakaenda mahakamani mpaka mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Madras ikaamuru viwanda vifungwe hadi viache kutiririsha uchafu kabisa.

Nano ina nguvu yake, tusibishe. Chembe za nano za titani dioksaidi zikipigwa na mwanga wa UV (urujuanimno) ndani ya maji zinazalisha radikali, yaani vipande vya molekuli vikali sana vinavyovunjavunja molekuli ya rangi, wakati mkaa wa kusafishia maji unainasa tu halafu unabaki na mkaa mchafu wa kwenda kutupa. Hata rangi za azo, kundi kubwa la rangi za nguo, ambazo bakteria wenye kuhitaji hewa wanashindwa kuzimeng'enya, hizi radikali zinazikata. Na chembe za oksaidi ya chuma ukimaliza kazi unazivuta na sumaku, safi kabisa.

Ila sasa majaribio mengi yanafanywa na maji masafi ya maabara yaliyotiwa rangi ya methilini bluu kidogo, wakati maji ya kiwandani yana giza, mwanga haupenyi, na UV yenyewe ni kama 5% tu ya nishati ya jua, kwa hiyo utawasha taa na bili ya umeme itakuja. Halafu kuna chumvi, na hapa ndo watu wanaparuka haraka mno. Kutia pamba rangi za riaktivu, zile zinazojifunga na uzi kikemia, kunahitaji chumvi nyingi ili rangi ishike, ikishashika chumvi yote inatoka na maji, na chumvi ndo iliyoharibu mashamba ya Noyyal! Titani haiiondoi hata kidogo, tena kloridi iliyomo kwenye chumvi inameza zile radikali. Unaweza kupata maji meupe pee yanayoua mazao vilevile.

Na chembe zikiponyoka zikaingia mtoni je? Bora zigandishwe kwenye kioo au kauri, hata kama kasi inapungua.

Mi ningeiweka nano kabla ya mashine za kuchuja chumvi, ipunguze rangi inayoziba vichujio. Kiwanda kikisema kimenunua nano kwa hiyo hakihitaji kuchuja chumvi, kisipewe kibali.