Ufa Wenye Tarehe

Leo asubuhi nimekatazwa kuziba ufa kwenye ukuta wangu mwenyewe. Nilishachanganya saruji kwenye karai, nimevaa ile suruali ya kazi, mwiko uko mkononi, nikasikia nyuma yangu: "Baba, usiguse hapo. Mjomba kasema." Mtoto wa miaka sita ananisimamishia mradi! Na kibaya zaidi, nikasimama.

Huyo mjomba ni shemeji yangu, injinia wa ujenzi. Kama ukoo wenu hauna injinia, shukuruni kimya kimya. Daktari akija kukusalimia hakupimi presha bila kuombwa. Injinia hajakaa bado, keshatazama dari. Unamwambia karibu kiti, anakitikisa kwanza.

Mwezi uliopita mke wangu alimwita aje auone huo ufa. Mimi nilishajiandaa na methali yangu: usipoziba ufa utajenga ukuta. Nikamtolea kwa sauti ya mkuu wa kaya, mikono nyuma. Hakujibu. Alipiga goti, akatoa mfukoni kijikadi chenye vimistari, akakibandika ukutani. "Milimita 0.3," akasema, kama anasoma wosia. Kisha akachukua penseli iliyokuwa sikioni, akachora mstari wa kukatisha ufa, akaweka alama huku na huku, pembeni akaandika tarehe. Penseli ikarudi sikioni.

"Umemaliza, shemeji?"

"Ndiyo kwanza nimeanza."

"Tunaziba lini?"

"Tujue kwanza kama umekufa au uko hai."

"Nani?"

"Ufa."

Nikatafuta pa kukaa. Kumbe ufa uliokufa umetulia, unauziba yanaisha. Ulio hai bado unatembea. Ukiuziba leo, kesho unafunguka pembeni ya kiraka chako na kukucheka. Kwa hiyo unautegea alama, unasubiri. Babu zangu walioniachia methali hawakuwa na shemeji kama huyu.

Akatoka nje, nami nikamfuata kama mtuhumiwa. Ukuta hakuutazama hata kidogo. Macho yote chini.

"Maji ya paa yanakwenda wapi?"

"Chini, shemeji. Kama maji yote."

"Chini wapi?"

Hapo nikanyamaza, maana alishanyoosha kidole. Kwenye kona, chini ya ufa wenyewe, matone ya miaka yote yamechimba kishimo cha kutosha kuatamia kuku, kimegusana na msingi. Nimepita hapo kila siku ya Mungu. Nilijua kuna kishimo. Nilikuwa nakiruka.

"Udongo ukilowa upande mmoja unalegea, nyumba inakaa kombo," akasema, akaanza habari za mnara wa Pisa, ule ulioinama kule Italia. Walianza kuujenga mwaka 1173, na kabla hawajafika mbali ukaanza kuinama, kwa kuwa udongo wa upande mmoja ulikuwa laini. Kazi ikasimama karibu miaka 100 kwa sababu ya vita, na hiyo ndiyo ikauokoa: udongo ulipata muda wa kujishindilia. Wangeendelea bila kupumzika, ungeanguka.

"Kwa hiyo na mimi nisubiri vita?"

"Usubiri miezi michache tu, shemeji. Halafu weka mfereji."

Tuliporudi ndani akatufundisha kwamba nyumba hubeba mizigo ya aina mbili. Kuna uliokufa, yaani kuta, dari na paa, na kuna ulio hai, yaani kila kinachokuja na kuondoka. "Wewe, kwa mfano, ni mzigo hai." Mke wangu alicheka mpaka akaegemea ukuta, tena upande wa ufa, na hakuna aliyemkataza. Mimi ninayelipa kila kitu humu, mzigo! Nilitaka kukasirika vizuri, lakini nikaona hata hasira itabidi ipigiwe hesabu kama sakafu inaihimili.

Nikimwomba kukopa, nikasema nitarudisha baada ya mwezi mmoja, anaandika miwili. Anasema hiyo ni akiba ya usalama, hata boriti wanaifanyia hivyo. Sasa mimi ni boriti?

Halafu kuna ile ngazi ya mlangoni aliyotumwagia zege mwaka juzi. Siku saba tuliimwagilia maji, na habari za maji mnazijua. Watoto wanaoga kwa kikombe, ngazi inaoga kwa ndoo! Siku ya tatu nikamwambia si imeshakauka jamani. Akashika kichwa. "Zege halikauki, shemeji, linakomaa. Saruji inakunywa hayo maji ndipo ishike." Nguvu yake, anasema, hupimwa siku ya 28. Nikamjibu kwamba mshahara wangu haujawahi kuiona siku ya 28 ukiwa na nguvu yoyote. Hakucheka. Aliniuliza kama nimeimwagilia jioni.

Kinachoniudhi kweli si yeye. Ni kwamba siku hizi naamka usiku na tochi kuutazama mstari wa penseli. Hadi jana alama zilikuwa pale pale, nikalala kama mtoto. Leo asubuhi nikaona kama kuna unywele umeongezeka. Huenda ni unywele kweli. Ndiyo maana nikachanganya saruji, nimalize hii kesi kabla sijapata presha, na ndipo yule askari wa miaka sita akanikamata.

Wakati nabishana naye, nikasahau karai. Saruji imegandia humo humo, mwiko umesimama katikati kama nguzo ya bendera. Na karai ni la jirani, amesema atalipitia saa kumi. Nimemtumia ujumbe kwamba bado linakomaa, aje baada ya siku 28.