Shairi la Dhihaka: Tafuta Kwanza Anayesema

Uchambuzi mwingi wa mashairi yanayokejeli maisha ya kununuanunua huharibika mapema, kwa sababu mchambuzi hukimbilia ujumbe. Anaandika kwamba mshairi anatuonya tusipende mali, anaorodhesha tamathali tatu nne, anafunga daftari. Swali la kwanza lilipaswa kuwa: nani anasema?

Chukua "The Unknown Citizen" ("Raia Asiyejulikana"), shairi la Kiingereza la W. H. Auden, mshairi mzaliwa wa Uingereza, la mwaka 1939. Chini ya anwani kuna maandishi ya mnara wa marumaru ambao dola imemjengea raia JS/07 M 378. Basi nafsineni, yaani sauti inayosema ndani ya shairi, si Auden, wala si mfiwa. Ni dola yenyewe, ikimsifu marehemu kwa lugha ya ofisini. Ukilikosa hilo, utamcheka marehemu, ilhali anayedhihakiwa ni yule anayemsifu.

Sasa shika kalamu, upigie mstari kila anayetoa ushahidi. Utapata ofisi ya takwimu, chama cha wafanyakazi, magazeti, watafiti wa bidhaa, watafiti wa maoni, walimu wa watoto wake. Kwamba wenzake walimpenda na kwamba alipenda kinywaji, hilo nalo limetoka kwa wataalamu wa saikolojia ya jamii. Mkewe hasemi. Yeye mwenyewe hasemi neno. Kwangu mimi, kimya hiki kina uzito kuliko tamathali yoyote humo.

Ndipo uje kwenye bidhaa, na uangalie mpangilio wake. Alinunua gazeti kila siku, na namna alivyoyapokea matangazo ya biashara ilikuwa ya kawaida kabisa. Baadaye anasifiwa kwa kuelewa faida za kununua kwa malipo ya awamu, kisha hapohapo vinatajwa vitu: fonografu, redio, gari, friji. Tangazo, mkopo, bidhaa. Njia nzima ya mnunuzi imo, na kila hatua imeandikwa kama tabia njema. Friji yenyewe inaitwa "frigidaire", jina la kampuni moja ya Marekani lililokwisha kuwa jina la kifaa. Hakuna mshororo unaosema friji ni mbaya. Ubaya uko kwenye kipimo: mtu ametimia kwa sababu orodha imetimia.

Kuhusu umbo, usipoteze ukurasa mzima. Mishororo hurefuka na kufupika kama ripoti, vina vipo ila havina mpango mmoja. Inatosha kuonyesha kwamba vina hivyo vinaipa ripoti kavu mwendo wa kuchekesha.

Anwani inastahili muda zaidi. Inaleta akilini makaburi ya askari wasiojulikana, kama yale ya London na Paris ya mwaka 1920. Askari hakujulikana kwa kuwa jina lake lilipotea vitani. Huyu raia amechunguzwa na kila idara, na bado hajulikani. Hicho ndicho kinaya kikuu cha shairi.

Mwishoni yanaulizwa maswali mawili, kama alikuwa huru na kama alikuwa na furaha. Wengi huyaita maswali ya balagha, yaani yasiyohitaji jibu, na kupita. Wanakosea, maana sauti inayajibu: inasema kuuliza hivyo ni upuuzi, kwani kama kungekuwa na kasoro yoyote, wao wangekwisha kusikia. Ukinukuu, nukuu maswali pamoja na jibu, kisha uulize wangesikia kupitia nani, wakati hakuna idara hata moja iliyotajwa ambayo kazi yake ni kumuuliza kama yu huru au ana furaha.