Wasifu wa mzee usisubiri msiba

Huku Uingereza karibu kila kijiji kina msalaba au nguzo ya jiwe yenye majina ya vijana wake waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza, na chini yake yakaongezwa ya Vita vya Pili. Mara nyingi yamepangwa kwa alfabeti, kibarua wa shamba na mtoto wa mwenye shamba kwenye safu moja. Jumapili ya pili ya Novemba watu husimama mbele ya jiwe hilo, majina yakasomwa kwa sauti, kisha wote wakanyamaza dakika mbili.

Kwetu Tanzania tuna Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai. Rais anaweka mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi anaweka sime, kuna upinde na mishale, shoka na shada la maua. Ni heshima ya kweli na imebeba alama zetu wenyewe. Ila inawaheshimu mashujaa kwa pamoja. Mgambo aliyevuka mto Kagera mwaka 1979, katika vita dhidi ya Idi Amin wa Uganda, huitazama kwenye televisheni sebuleni kwake, na jirani wa nyumba ya tatu hajui kwamba yanayosemwa pale yanamhusu.

Wala tusiwasifu Waingereza kupita kiasi. Sanamu ya Askari pale Samora, Dar es Salaam, waliyoizindua 1927 kuwakumbuka Waafrika wa Vita vya Kwanza, ina maandishi yanayosema kwamba ukipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako, lakini haina jina hata moja la askari wala la mpagazi. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni. Wapagazi wametuachia jina la Kariakoo, kutoka "Carrier Corps", kikosi chao. Majina yao wenyewe, mengi hayajulikani yalipo.

Kwa hiyo kazi ni yetu, na chombo tunacho tayari: wasifu wa marehemu. Ni mazishi machache yanayokosa mtu wa kusimama na karatasi. Kasoro ni saa inapoandikwa. Huku Uingereza mazishi hufanyika baada ya wiki moja, mbili, hata tatu, na katikati hapo familia inapiga simu na kupekua makabati. Nyumbani tunazika baada ya siku moja au chache, na wasifu unaandikwa usiku wa msiba na mpwa ambaye mkono mmoja umeshika kalamu na mwingine simu ya kuagiza turubai. Ndiyo maana unajaa tarehe za kulazwa na majina ya hospitali, na vita vinapata mstari mmoja: "Alishiriki Vita vya Kagera." Uandikwe mapema, mzee mwenyewe akiwepo.

Wako watakaosema ni uchuro. Basi usiitwe wasifu, uitwe historia ya mzee. Na haraka ipo: kijana aliyekuwa na miaka 20 vita vilipoanza Oktoba 1978 alizaliwa 1958. Hesabu mwenyewe.

Usimuulize "vita vilikuwaje," atakujibu "vilikuwa vikali" na mazungumzo yataishia hapo. Anza na siku aliyoitwa: alikuwa na jembe, cherehani au chaki mkononi? Nani alileta habari? Alifundishwa wapi, kwa wiki ngapi? Kisha namba yake ya jeshi, kombania, batalioni na brigedi. Brigedi ndiyo itakayokusaidia kunyoosha kumbukumbu. Aliyekuwa Brigedi ya 206 atakueleza barabara ya Mbarara. Wa 208 atakueleza Entebbe. Tarehe zikichanganyika, zishikize kwenye matukio yanayojulikana: Masaka ilianguka mwishoni mwa Februari 1979, mapigano ya Lukaya yalikuwa Machi, Kampala ilitekwa 11 Aprili. Muulize alikuwa wapi siku aliposikia Kampala imeanguka. Mwisho kabisa, akishatulia, muulize ni nani hakurudi, kisha nyamaza. Hapo ndipo majina ya wengine yanapotoka, watu ambao pengine hawana mtoto wa kuwaulizia.

Nusu saa kwa kikao inatosha. Zima feni, weka simu ya kurekodi karibu na kifua chake, kwenye hali ya ndege ili isiite katikati. Kama mwenzake wa kikosi yu hai, waketishe pamoja. Wakibishana, acha wabishane, maana kwenye ubishi kumbukumbu huchomoza.

Jina liandikwe lote, lake, la baba na la babu, pamoja na kijiji na lakabu ya jeshini. Hapa mila yetu nzuri ya kumpa mjukuu jina la babu inaleta mkanganyiko: baada ya miaka 40 ukoo una kina Juma Saidi watatu, na nishani haieleweki ni ya yupi. Nishani za Uingereza za Vita vya Kwanza huwa na namba na jina ukingoni au nyuma. Za Vita vya Pili kwa kawaida zilitolewa bila jina, hivyo ikitengana na karatasi yake haimtambulishi mtu tena. Ifunge kibandiko cha kitambaa chenye jina.

Vyeti vipigwe picha mbele na nyuma, kivulini mchana, bila mwanga wa simu. Usivitie laminesheni: joto huharibu wino na karatasi, na plastiki ile haitoki tena. Nakala moja ibaki kwake, moja iende kwa ndugu wa mji mwingine.

Haya hayawahusu askari peke yao. Manamba wa mashamba ya mkonge waliitwa hivyo kwa sababu ya namba walizopewa. Kuli wa bandarini na dereva wa lori nao wana siku ya kwanza kazini, msimamizi waliyemwogopa na mwenzao aliyeumia.

Familia zinazojengea makaburi ziandike kwenye niru mbichi badala ya kupaka rangi, kwa sababu rangi huchujuka na mvua. Subiri mpaka ukibonyeza kwa dole gumba ibaki alama bila maji kupanda. Ukiwahi herufi zinajifunga, ukichelewa kingo zinamomonyoka. Kisha funika kwa magunia yaliyoloweshwa, umwagie maji siku 7. Wasiopenda kaburi kuandikwa wana daftari la ukoo.

Na tarehe 25 Julai jioni, historia ile isomwe nyumbani kwa sauti na mjukuu mwenye jina lake, mzee akiwa kitini. Mahali atakapodakia na kusema "hapana, haikuwa hivyo," chukueni kalamu.