Lewiston: wageni waliubeba mji au waliulemea?

Mwaka 1970 Lewiston, mji wa jimbo la Maine huko Marekani, ulikuwa na watu 41,779. Kufikia sensa ya 2000 walibaki 35,690. Viwanda vya nguo vya kando ya mto Androscoggin, vilivyowavuta Wakanada wa Quebec, vilikuwa vinafungwa kimoja baada ya kingine, na vijana wakahama. Mwaka 2001 familia za Kisomali zikaanza kuingia, nyingi zikitoka miji mingine ya Marekani zilikofikia kama wakimbizi. Wakafuata Wakongo, Warundi na Wanyarwanda, hata Kiswahili leo kina wenyewe mjini. Sensa ya 2020 ilihesabu watu 37,121.

Wanaosema wageni waliulemea mji hawasemi bure. Oktoba 2002 meya Laurier Raymond aliwaandikia wazee wa Kisomali barua ya wazi, akiwaomba wawashawishi ndugu zao wapunguze kuja. Barua ile iliwaumiza watu na haikustahili kuandikwa. Lakini gharama zilikuwepo kweli: walimu wa Kiingereza, wakalimani, nyumba za kupanga. Mji mdogo unaotegemea kodi ya majengo hauwezi kulipia yote hayo kwa mwaka mmoja.

Hata hivyo, nenda Lisbon Street. Maduka yaliyokuwa yamefungwa Wasomali waliyafungua upya, wakauza nyama halali, vitambaa na sambusa. Na Maine ni jimbo la wazee kuliko mengine Marekani. Bila vijana kutoka nje, nani atawahudumia wazee hao?

Kinachonikera ni takwimu za ajira. Aliyefanya kazi ya malipo hata saa moja katika wiki ya hesabu anaitwa mwenye ajira. Aliyekata tamaa akaacha kutafuta kazi hahesabiwi kabisa kati ya wasio na ajira. Chukua mwalimu mwenye shahada kutoka Bukavu, sasa anafagia wodi usiku. Kwenye jedwali la elimu ni msomi, kwenye jedwali la ajira ana kazi. Majedwali yote mawili yanapendeza, na hasara yake haionekani popote. Aliyeomba hifadhi naye kisheria husubiri kibali cha kazi kwa miezi isiyopungua sita, kisha anaambiwa mvivu.

Tena, mji wenye watu chini ya 65,000 haupati makadirio ya kawaida ya mwaka mmoja kutoka utafiti mkuu wa Ofisi ya Sensa. Hupewa ya miaka mitano iliyochanganywa, kwa hiyo familia zilizofika mwaka jana hazijaonekana vizuri. Na kundi la "weusi", lililopanda kutoka takriban asilimia 1 mwaka 2000 hadi karibu 9 mwaka 2010, linamweka pamoja Msomali aliyefika jana na Mmarekani mweusi aliyezaliwa Maine, ingawa mahitaji yao shuleni ni tofauti kabisa.

Shule zenyewe huandikisha watoto kila mwaka, na zinajua nani anahitaji kufundishwa Kiingereza. Kabla halmashauri haijagusa bajeti ya walimu, ianzie kwenye orodha hiyo.